Abdias Aliyezikwa Bila Kuwepo

Katika wimbo wa kupeleka sadaka, korali ya parokia yetu ina mahali inaponyamaza. Soprano wanakata, alto wanakata, tenori wanakata, na kwa muda wa pumzi moja besi ilitakiwa kushuka peke yake, kama mtu anayeteremka bondeni kuchota maji, ndipo wengine wamfuate. Siku hizi hakuna anayeshuka. Upepo wa mikaratusi unasikika juu ya mabati, kisha wimbo unaendelea. Kiongozi wa korali ameombwa zaidi ya mara moja aweke mtu pale, naye hujibu kwamba atafikiria. Mgeni akisikia hudhani tumesahau wimbo.

Mahali pale ni pa Abdias Lusenge. Pamenyamaza mara mbili, na wasiomjua huchanganya ukimya wa kwanza na huu wa sasa. Wa kwanza ulikuwa wa mtu tuliyemzika.

Abdias alikuwa mchoma matofali wa Bulengera, huku kwetu Butembo, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama mbele kama anayepita mlango mfupi hata akiwa uwanjani. Ukuta wa kanisa letu la Kianglikana, upande unaotazama bonde, ni matofali yake, na ukiyaangalia karibu utaona alama za vidole vyake katika yale aliyoyatoa kwenye kalibu yakiwa bado mabichi. Kabla ya kuimba alikuwa na tabia ya kuinama juu ya bidoni tupu, dumu la maji, na kuguna ndani yake mpaka bidoni iitikie. Wenzake walimwambia kwamba siku moja bidoni itavikwa kanzu na yeye ataachwa nje. Alikuwa na mke, Solange, na binti mmoja mdogo, Elsa, na kaka mkubwa, Nzanzu, ambaye ua wake ulipakana na wake. Ndugu hao wawili walikula pamoja karibu kila jioni, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wakati wa mavuno ya kakao Abdias alizima tanuri lake na kwenda kaskazini, ng'ambo ya Oicha, kwenye shamba aliloachiwa na mjomba wake pembezoni mwa msitu.

Huko ndiko alikopotelea. Waliokuja na silaha shambani asubuhi moja, hakuna aliyeuliza majina yao. Wafanyakazi waliouawa walikutwa, wakazikwa Oicha. Abdias hakukutwa, si mzima, si maiti. Kulibaki kapu lake lenye kakao nusu, na kiatu kimoja ambacho kila mtu alisema ni chake, isipokuwa Solange. Tulingoja. Mavuno mengine yakaja, yakapita. Kwa Nzanzu sahani ya ndugu yake iliendelea kuoshwa pamoja na zingine ingawa hakuna aliyeichafua.

Kwetu, mtu aliyekufa mbali bila mwili wake kurudi haachwi hivyo hivyo. Inasemwa kwamba anazunguka, anagusa milango ya ndugu zake, anawaita watoto kwa majina wakiwa kisimani. Kwa hiyo hukatwa shina la mgomba la kimo chake, likaoshwa, likavikwa nguo yake, likaliliwa, likazikwa. Miaka ile parokia yetu ilikuwa imejaa familia zilizokimbia kutoka Oicha na vijiji vya msituni. Wengine walilala katika chumba cha shule ya Jumapili, wengine kwenye nyumba zetu, na karibu kila familia ilikuwa na mtu wa namna hiyo. Pasta Ézéchiel, aliyesoma teolojia mpaka chuo kikuu, alikataa mwanzoni. Baadaye alichoka kuwaona akina mama wakilala na viatu miguuni ili wawahi kufungua mlango. Akaruhusu migomba izikwe nyuma ya kanisa, na yeye mwenyewe akaisomea sala ya wafu, neno kwa neno, kama inavyosomewa watu.

Ndugu wa kiume aliye karibu kuliko wote ndiye anayekata shina, na ndiye anayelisemesha. Kukata kuna namna yake. Panga linapita juu ya udongo, shina linatoka peke yake, na tunguu linabaki ardhini, kwa sababu tunguu lina uhai. Asubuhi ya mazishi ya Abdias mvua ilikuwa ikinyesha. Nzanzu alirudi kutoka shambani na shina begani, limeshafungwa ndani ya kikwembe, kitenge cha Solange, na hakuna aliyelifungua kutazama. Kaburini akalisemesha. Akamwambia ndugu yake kwamba njia ni ile, aende, asirudi kuuliza kitu. Pasta akatupa udongo. Korali ikaimba, na ilipofika pale penye besi ikanyamaza.

Kabla msimu haujaisha, kaburi lilichipua.

Kichipukizi kilianza kama ncha ya mkuki, kijani, kikitoka kati ya mawe. Makaburi mengine ya migomba yalikuwa yamelala, yanazama polepole kama makaburi yote yanavyozama. Hilo peke yake lilitoa jani, kisha jani jingine, mpaka likawepo jani pana lililokuwa likigusa msalaba kila upepo ulipovuma na kulifuta jina la Abdias kidogo kidogo. Sote tulielewa kwamba Nzanzu alikosea, kwamba badala ya kukata alichimba, akazika shina pamoja na tunguu lake. Kuelewa hakukutusaidia. Watu wa korali walianza kuzunguka upande mwingine wa kanisa hata kama ni mbali. Nzanzu alitaka kuung'oa mche ule. Solange akamwambia kwamba atakayeugusa aanze kwa kumgusa yeye.

Abdias alirudi kwa lori la Moustapha. Huyu ni msafirishaji wa Beni, Mwislamu, mtu wa maneno mengi, anayeleta mbao Butembo na kurudi na viazi. Alimkuta kwenye njia ya kutokea Beni, mwembamba, miguu mitupu, anauliza gari la Bulengera, akampandisha mbele karibu naye. Baadaye, pale maegesho, watu walimuuliza kama hakuogopa kukaa karibu na mfu safari nzima.

“Mufu?” Moustapha alisema. “Ule mutu alimaliza mukungu yangu ya ndizi mbele tufike Butembo. Kisha akalala, akakoroma kupita motere ya lori. Bafu ba kwenu banakoroma?”

Watu walicheka, lakini walicheka wakiangalia pembeni.

Ilikuwa Jumamosi mchana, baada ya mvua, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa za nyumba. Abdias alipanda kilima kwa miguu. Aliwasalimu watu aliokutana nao kwa majina yao, na hakuna aliyemjibu. Mwanamke aliyekuwa akitandaza muhogo alisimama akiwa ameshika ungo tupu. Fundi baiskeli aliingiza kichwa dukani. Abdias alisema baadaye kwamba alidhani Ebola imerudi, maana wakati wa Ebola ndivyo tulivyokuwa, tunasalimiana kwa mbali, mikono ndani ya nguo.

Solange alikuwa uani akisugua sufuria kwa majivu. Alimwona akitokea ndani ya ukungu, akamwangalia miguuni kwanza.

“Weye njo nani?” aliuliza.

“Ni mimi, mama Elsa.”

“Papa Elsa, tulimuzika.”

“Mulizika nini?”

Solange alisugua sufuria ile mpaka ikang'aa, kisha akamwambia, bila kuinua macho, asiingie kwa mlango wa mbele, apite jikoni. Akampa maji ya kuoga, na alipomwona anatetemeka kwa baridi ndipo akakaa chini akalia, kwa sababu hakuwahi kusikia kwamba wafu wanasikia baridi.

Upande wa pili wa ua Nzanzu alikuwa ameshaona. Aliwakusanya watoto wake, akawaingiza ndani, akafunga mlango na madirisha, jua likiwa bado liko juu ya ukungu. Abdias alisimama kwenye uzio akamwita yaya, yaani kaka, kama alivyomwita maisha yake yote. Ndani mtoto akaanza kuuliza kitu na mkono ukamziba mdomo.

Sababu yake tuliijua wote, na wengi wetu tuliiamini. Aliyemsemesha maiti maneno ya kumpeleka amefungua njia. Yule aliyepelekwa akirudi, njia inabaki wazi, na atakayemtambua wa kwanza, akamwita kwa jina au akala naye mbele ya watu, ndiye ataipita badala yake. Nzanzu alikuwa na watoto wadogo. Hakumchukia ndugu yake. Alikuwa akiogopa kufa.

Jumapili Abdias alikuja kanisani.

Mlangoni kwetu husimama mama Rébecca, mjane, mama wa protokoli, mwenye utepe wa zambarau begani. Yeye ndiye anayemweka kila mtu mahali pake. Wageni huwakalisha mbele, na wakati wa matangazo huwaomba wasimame waseme majina yao na wanakotoka, nasi sote hujibu, “Karibu nyumbani.” Tulijivunia jambo hilo. Wanajeshi wameshasimama pale, na wachuuzi, na watu waliofika usiku wakiwa na nguo moja, na hakuna aliyewahi kubaki nje. Abdias alipofika mlangoni, mkono wa Rébecca uliinuka, ukabaki katikati. Wenyeji hawaonyeshwi benchi, wanajua pao wenyewe. Wageni wanaonyeshwa. Hakujua huyu ni yupi. Mwishowe alimwonyesha benchi la karibu na mlango, linalopigwa na upepo, na akamwambia polepole, kama anaongea karibu na mtoto aliyelala, “Kaa hapa kwanza, papa Elsa.”

Waliokuwa wamekaa kwenye benchi lile wakakumbuka kwamba wana nafasi kwingine.

Wageni waliombwa wasimame. Familia moja kutoka Oicha ilisimama, tukaikaribisha. Rébecca alitazama nyuma, akafumba mdomo. Abdias alibaki amekaa. Kisha tukafika kwenye maombi. Pasta Ézéchiel aliomba kwa ajili ya wagonjwa, kwa ajili ya wanaosafiri barabara ya Beni, kwa ajili ya marehemu wa parokia. Majina ya marehemu alikuwa akiyajua kwa moyo na ulimi wake ulikuwa umezoea kupita pale peke yake. Akataja mmoja, akataja wa pili, akasema, “Na Abdias Lusenge.”

“Niko,” sauti ilisema nyuma. Ilikuwa ile besi. Haikupazwa, ila ilifika mpaka madhabahuni. “Pasta, niko hapa.”

Hakuna aliyegeuka. Pasta alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Halafu akataja jina lililofuata, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kuuweka ulimi wake.

Kwenye Meza ya Bwana sisi hunywa kikombe kimoja. Wakati wa Ebola tulikiacha, tukala mkate peke yake, na siku kiliporudi kulikuwa na wazee waliolia. Siku ile Rébecca aliita mistari kwa mpangilio wake wa kawaida, benchi kwa benchi, lakini benchi la mlangoni aliliita mwisho wa wote, hata baada ya yeye mwenyewe. Abdias akanywa wa mwisho. Kilichobaki kikombeni alikinywa pasta, kama sheria ya kanisa inavyomtaka asibakize kitu.

Ikawa hivyo Jumapili baada ya Jumapili. Tulimtazama pasta wiki nzima kama tunavyomtazama mtu aliyeumwa na mbwa. Hakuugua. Watu wakasema ni mikono ya askofu aliyowekewa kichwani, inamkinga. Maisha ya Abdias yakatulia namna hiyo, kama yanaweza kuitwa kutulia. Muuza sabuni alimpa sabuni kwa kuiweka juu ya jiwe. Alipopita, mama fulani alimwaga maji kidogo nyuma yake. Tanuri lake liliwaka tena, lakini matofali yalikaa, hakuna aliyetaka kujenga nyumba kwa matofali yale. Usiku Solange alikuwa akiweka kiganja kifuani pake kusikiliza. Alitueleza hivyo bila aibu. Alisema moyo ulikuwepo.

Kulikuwa na wengine ambao hawakumwogopa, na hao walikuwa wagumu zaidi. Akina mama wa Oicha walikuja kwake mmoja mmoja, mchana, wakasimama kwenye uzio wakiwa na picha ndogo za pasipoti ndani ya kitambaa. Walitaka kujua kama aliwaona kule waume zao, wana wao. Abdias aliwaambia kwamba alikuwa msituni, alikuwa akibebeshwa mizigo ya wenye silaha kutoka kambi mpaka kambi, kwamba hakufika huko wanakofikiria. Waliitikia kwa adabu, ndiyo papa, ndiyo. Kisha walimwachia ujumbe. Mmoja alitaka mwanawe aambiwe kwamba mbuzi alizaa. Mwingine alitaka mume wake aambiwe asingoje pale nyumbani, yeye mkewe alikwisha kuhama. Abdias aliacha kuwakatalia. Aliwasikiliza wote, na jioni alikuwa akiketi akiangalia upande wa bonde, midomo inacheza kidogo, na hatukujua kama anayarudia maneno yale ili asiyasahau au ili ayafikishe.

Pasta Ézéchiel alimtafuta siku moja kwenye tanuri. Alikuwa ametafuta katika Kitabu cha Sala na hakuona sala ya mtu aliyezikwa naye hakufa. Alimwomba msamaha kwa ile aliyoisoma. Abdias alimwuliza ilikuwa wakati gani, na pasta alipomweleza, mvua, asubuhi, mwanzo wa kupanda maharagwe, Abdias aliokota tofali, akaligeuzageuza mikononi.

“Kulikuwa siku moja,” alisema, “tulikuwa tunavuka muto. Nikasikia yaya yangu anasema niende, nisirudi. Sauti yake kabisa, pasta. Mudomo wangu ukajaa maji ya mugomba, ile chungu, ile ya kushika meno. Nikawaza ni njala.”

“Na ukafanya je?”

“Nikarudi.”

Pasta alimshauri aondoke kwa muda, aende Kipese kwa wakwe zake, mpaka watu wapoe. Abdias alitikisa kichwa. “Nikienda sasa, njo nani atakuwa ameenda? Mutu mwenye hakufika hawezi kuaga. Yaya akinipokea, hata leo, kesho minaenda. Lakini hivi, hapana.”

Maneno hayo yalifika kwa Solange, na Solange akavuka uzio. Haikuwa mara ya kwanza kwenda kwa Nzanzu. Alikuwa ameshaomba, ameshalia, ameshatuma wazee wa ukoo, waliotaka mbuzi na kaburi lifukuliwe. Mara hii hakuomba. Nzanzu alikuwa akinoa panga kwenye ngazi ya nyumba yake, na Rébecca, aliyekuwa amekuja kununua majani ya maharagwe kwa mke wa Nzanzu, alisikia yote.

Solange alimkumbusha kwamba alikulia kwenye migomba. Hata akifumbwa macho angeweza kukata shina bila kugusa tunguu. Nzanzu akasema kulikuwa na mvua, alifanya haraka, udongo ulikuwa laini, panga liliteleza.

“Panga hapana chimba, yaya,” Solange alisema. “Ulienda kutafuta jembe. Ukazunguka, ukatoa na mizizi yake, ukafunga na kikwembe yangu ili hapana mutu aone. Ulikata sawa na mutu mwenye kupanda. Kwa mudomo ulimufukuza, lakini mukono yako haikukubali. Mimi nilijua siku ile mche ulitoka. Njo sababu nilikataza.”

Nzanzu aliendelea kunoa. Rébecca anasema panga lilikuwa limeshapata makali tangu zamani, alikuwa akinoa tu. Kisha Nzanzu akasema, bila kumwangalia yeyote, kwamba ana watoto.

“Na yeye iko na mutoto,” Solange alisema, akarudi kwake.

Jumapili iliyofuata Rébecca alifanya jambo ambalo hakumwuliza pasta. Abdias alipofika mlangoni, hakumwonyesha benchi la upepo. Alimshika mkono, kwa kiganja chake, mbele ya watu, akampitisha katikati ya kanisa mpaka kwenye korali, akamsimamisha mahali pa besi. Waliokuwa karibu walisogea. Yeye alirudi mlangoni akiwa amekunja kile kiganja kama ameshika kitu cha moto. Ni baadaye tu ndipo tulipoelewa alichokifanya. Korali hunywa kwanza.

Wimbo wa sadaka ulipofika pale, wote walikata kwa mazoea. Besi ikashuka. Wengi wetu tulikuwa hatujaisikia ikiimba tangu alipopotea, na tulihisi imetoka chini ya sakafu. Wengine walishika watoto wao. Kisha tukaitwa mezani. Watu wa korali walipiga magoti, Abdias mwanzoni mwa mstari, kwa sababu wenzake walikuwa wamemwachia ncha. Pasta akampa mkate, akampa kikombe, akanywa. Pasta akasogea kwa wa pili. Kijana yule wa tenori alifumba midomo na kutikisa kichwa. Wa tatu alikwisha kusimama. Mstari ukaisha hivyo, na kwenye mabenchi hakuna aliyeinuka. Pasta alibaki na kikombe mikononi. Tuliisikia mvua ikianza, tone moja moja juu ya mabati. Abdias hakuondoka. Alibaki amepiga magoti, mgongo kwetu, mabega yale yameinama.

Tulikuwa sisi, tuliomkaribisha kila mtu.

Nzanzu aliinuka upande wa wanaume. Alitembea vibaya, kama anavuka mahali penye utelezi, na mke wake alishika koti lake kisha akaliachia. Alipiga magoti karibu na Abdias, bega kwa bega. Pasta akainamisha kikombe. Nzanzu alikishika kwa mikono yote miwili na hakunywa haraka.

“Yaya,” Abdias alisema kwa sauti ya chini.

Nzanzu akanywa. Alipangusa mdomo, akasema, na tuliokuwa mbele tulisikia, “Lusenge. Umekonda.”

Mke wake akaja. Akaja Rébecca kutoka mlangoni, akiwa ameacha mlango wazi na mvua ikiingia. Kisha wakaja akina mama wa Oicha, wote pamoja, halafu sisi wengine, na kikombe kililazimika kujazwa tena.

Wiki ile Nzanzu alipata homa. Bulengera nzima ilishusha sauti. Watu walipita mbele ya nyumba yake wakitembea polepole na hakuna aliyetaja jambo ambalo kila mtu alikuwa akilifikiria. Abdias alihamia kwa kaka yake, akakaa kando ya kitanda, akamlisha uji. Solange alisema Nzanzu aliweweseka, akawa anauliza kama njia bado iko wazi, na Abdias alikuwa akimjibu kwamba atamfungia. Zahanati ilisema malaria. Kama ilikuwa malaria au la, iliisha, na asubuhi moja tulimwona Nzanzu uani akigombana na kuku.

Hapo Abdias akaaga. Tulimwuliza kwa nini sasa, wakati muuza sabuni ameanza kumpa sabuni mkononi na matofali yake yameanza kununuliwa. Alisema wale akina mama bado wanakuja. Kukubaliwa kwake kuliwaongeza, maana sasa walikuwa wakitoka hadi Beni na picha zao. Alisema ana maneno mengi ya watu kifuani na hana wa kumpa, na kwamba huko Kipese hakuna anayemjua vya kutosha kumtuma kwa wafu. Pasta alimwombea mbele ya kanisa, na jina lake likasomwa kati ya wanaosafiri. Tulimsindikiza mpaka barabarani. Nzanzu alibeba godoro kichwani na kubishana na dereva jinsi ya kulifunga, Rébecca akampa Elsa mahindi ya kuchoma ya njiani, na gari likaondoka likiwa na watu wengi kupita kiasi, kama kawaida.

Abdias Lusenge sasa anaishi Kipese na mke wake na binti yao. Analima viazi na vitunguu katika shamba la wazazi wa Solange, na Jumapili anasali katika kanisa dogo la huko, ambalo halina korali.